Maswali Yenu kwa Shangazi: Mtoto mmoja, majina mawili

Mwezi huu barua za akika, ile shughuli ya siku ya saba ya kumchinjia mtoto mbuzi, kumnyoa na kumpa jina, zimenijia tatu kwa mpigo, nikaona nizijibu pamoja. Wanaonisoma siku zote wanajua nilikuwa mkunga Tanga kwa miaka 31. Watoto nimewapokea mimi, na pilau zao nimezila mimi. Hukumu za dini mpelekeeni sheikh wenu wa mtaani, yangu mimi ni ya chumba cha mzazi, ya jikoni na ya mkekani.

*Shangazi, shikamoo. Nimejifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji, leo ana siku 12. Siku ya saba ilitukuta bado wodini. Mume wangu amechagua jina la Rayan na mimi nalipenda. Mama mkwe amevuka kutoka Wete kuja kumwona mjukuu, na amekuja na jina lake mkononi: Makame, jina la marehemu baba mkwe. Anasema Rayan ni uzungu, na jina la mzee lisiporudi nyumbani basi mzee amekufa mara mbili. Mume wangu kanyamaza, akirudi kazini anapitiliza bafuni. Huku nako shoga zangu kwenye kundi la WhatsApp wanataka sare ya madera, MC, keki na mapambo ya bluu. Sisi tuna laki sita tu. Na kusema kweli naogopa wembe kwenye kichwa cha mtoto. Nifanyeje? — Mama Kichanga, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kisu na hongera kwa mtoto.

Nianze na huo uzungu, maana ni mwepesi. Rayan hakutoka Ulaya. Rayyan ni mlango wa Peponi wanaoingilia wafungaji, na mama mkwe wako aliyefunga Ramadhani nyingi kuliko umri wako ana haki na mlango huo kuliko wewe na mumeo. Mwambie hivyo. Mwambie wewe mwenyewe siku umempelekea chai, usimtume mumeo, kwa sababu huyo mumeo kwa barua yako tu nimeshamwona alivyo.

Kisha chukua karatasi uandike jina la mtoto kama litakavyosomeka kwenye cheti cha kuzaliwa: lake, la baba yake, la babu yake. Rayan, halafu mumeo, halafu Makame. Umeona? Mzee yumo tayari. Atakwenda naye darasa la kwanza, atakuwa naye kwenye kitambulisho na kwenye cheti cha ndoa. Mpe mama mkwe hiyo karatasi aishike. Kama macho hayaoni vizuri, msomee majina yote matatu kwa sauti, polepole, la mwisho ulitamke kwa heshima.

Akisema la mwisho halimtoshi, yeye anataka liitwe uani, mkubalie. Pwani yetu hii mtoto kuwa na jina la utotoni na jina la ukubwani si jambo la kuzua leo. Wazee walimwita mtoto jina moja akiwa bado mwekundu, baadaye akapewa jingine la kudumu, na watu walikufa wakiwa na yote mawili. Na nikuibie siri ya sisi mabibi: hatamwita Makame hata siku moja. Mwanamke wa rika lake jina la mumewe halimtoki kinywani hovyo. Atamwita “mume wangu”, atakwambia “nipe mume wangu nimwogeshe”, na wewe utakuwa mke mwenza ndani ya nyumba yako mwenyewe. Uzoee.

Ila mmalizane kabla ya siku yenyewe. Hili nakwambia kwa sababu mimi nililiacha likafika mkekani.

Mwanangu wa tatu alizaliwa Februari 1984, Ngamiani, Barabara ya Tisa. Mliozaliwa juzi hamjui siku zile. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya kunong'onezana. Mpaka wa Kenya ulifungwa tangu 1977 na ulikuwa umefunguliwa Novemba tu iliyopita, kwa hiyo dada yangu wa Mombasa, aliyezikosa akika mbili za kwanza, akaja kwa hii ya tatu kupitia Horohoro, na sukari kilo nne ndani ya kanga. Mume wangu alitaka mtoto aitwe Salim. Mama yake alitaka Mbaruku, jina la baba yake yeye, mzaa mama, na hilo kwenye mlolongo wa cheti halikuwamo, kwa hiyo ujanja wa karatasi niliokupa wewe haukunifaa mimi. Nikanyamaza. Nilikuwa nimelala nimefungwa mkaja, nikasema moyoni hawa ni wakubwa, watamalizana.

Maulidi yakasomwa. Wasomaji wakafika kiamu, watu wamesimama, chetezo kinazunguka, mtoto kabebwa na babu juu ya mto mdogo. Sheikh akachukua mkasi kwenye sinia, akauliza: “Jina?” Mume wangu akasema, “Salim.” Nyuma ya pazia, upande wa wanawake, ikatoka sauti ya mama mkwe: “Mbaruku!”

Sheikh akabaki na mkasi juu. Akauliza taratibu: “Waliozaliwa ni mapacha?”

Vijana walicheka mpaka mwenye mrashi akammwagia jirani yake marashi yote shingoni. Sheikh akarudisha mkasi kwenye sinia, akaomba kahawa, akawaita mume wangu na mama yake chumba cha nje. Dele lilizunguka mara tatu. Pilau inashika ukoko jikoni, na dada yangu anasema kwa sauti ya kusikika kwamba hakubeba sukari begani kutoka Mombasa kuja kunyweshwa kahawa chungu. Walipotoka, mtoto alikuwa Salim. Mama mkwe alimwita Mbaruku mpaka alipofariki 2003, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiitikiwa kwa mara ya kwanza. Sisi wengine tuliita mara tatu. Sasa ana upara. Simu ikiita mtu akasema “Mbaruku”, anajua ni wa Barabara ya Tisa na kwamba anakopwa.

Sasa siku. Ya saba imepita, msiilaumu wodi. Ya 14 ni keshokutwa, msikimbizane nayo na mshono wako bado mbichi. Wekeni ya 21. Na jina mkishakubaliana, andikeni sawasawa mnapokwenda RITA kuandikisha, mwende ndani ya zile siku 90. Kurekebisha jina baadaye ni safari na viapo, na herufi moja ikikosewa itamfuata mtoto hadi chuo.

Mbuzi. Kwa mtoto wa kiume ni wawili kwa mwenye uwezo, na asiye nao mmoja unamtosha. Hapo hakuna wa kumcheka. Mkipata wawili wa wastani Vingunguti kwa laki tatu na ushei, zilizobaki zinawatosha. Mchele kilo kumi, mafuta, vitunguu, viungo, mkaa, halua kidogo, buni, ubani, bahasha ya sheikh na wenzake: mnalisha watu 60 vizuri na unabakiwa na ya supu yako ya pilipili manga. Mumeo asiende sokoni peke yake. Amchukue mtu anayejua mbuzi, amtembeze mnyama, amwangalie meno na macho yote mawili. Nasema yote mawili kwa sababu mimi niliwahi kuletewa beberu mzuri, manyoya yanang'aa, kageuza shingo kumbe chongo, na chongo haifai akika. Tulimla kama kitoweo, tukanunua mwingine.

Mchinjaji mwambieni mapema kwamba ni wa akika. Kwetu mifupa haivunjwi, mnyama hukatwa kwenye viungo na mifupa hufukiwa, kwa kumtakia mtoto salama ya mwili wake. Yule wa buchani mkono wake umezoea shoka. Ukimwambia ameshaanza, umechelewa. Na kabla sinia la kwanza halijatoka ukumbini, toeni fungu la majirani na la wasio nacho. Nimeona akika ambazo mlinzi wa geti alisikia harufu tu.

Shoga zako sasa. Keki haina dhambi, puto halina dhambi. Lakini MC akika ya nini? Anayesema siku hiyo ni sheikh, na anayejibu ni mtoto, kwa kulia. Andika kwenye kundi: “Tarehe fulani, baada ya Alasiri, karibuni maulidi na pilau, kila mtu na nguo yake.” Kisha funga simu ukanyonyeshe. Kuna atakayenuna. Huyo ndiye atakayekuwa wa kwanza kuomba ukoko. Na kama mumeo ni wa wale wasiosoma maulidi, msianze vita nyingine: dua isomwe, mbuzi ni wale wale.

Wembe. Hapa nakujibu kama mkunga, usikilize. Pale mbele za watu sheikh hukata nywele chache tu kwa mkasi. Kichwa chenyewe hunyolewa ndani, baadaye, hapana haraka. Mtoto anyonye kwanza ashibe, alale. Wembe uwe mpya, umetoka kwenye karatasi yake mbele ya macho yako. Maji ya vuguvugu, pamba, nywele zilowe kweli. Mmoja anashika kichwa kwa viganja viwili, mwingine ananyoa, na utosini, pale panapodunda, mkono uwe mwepesi kama unafuta vumbi kwenye yai. Mtafute mama mtu mzima asiyetetemeka. Ujana wa kinyozi wa mtaani na mashine yake usiutake. Na kama kichwa kina vipele au ngozi inatoka magamba, subirini. Nywele hazikimbii.

Zikusanyeni zote kwenye kitambaa cheupe. Hupimwa uzito, na sadaka hutolewa ya fedha ya uzito ule ule. Nasema fedha, madini, wala si dhahabu, maana kuna baba alinijia na mashaka ya kuuza pikipiki. Mimi za Salim nilizipeleka kwa sonara. Aliweka mizani ya vipimo vidogo, akapuliza vumbi, akaweka kile kifurushi, sindano ikasogea kidogo tu. Akaniuliza kama kweli mna kitu humu. Siku hizi wengi hukadiria wakatoa zaidi kidogo, yaishe.

Na mabibi watakaokuja na vitu vyao: tende, baba au sheikh akimgusisha mtoto kidogo sana iliyolainishwa, ni sunna na hapana ubaya. Asali hapana, hata tone, mpaka mwaka utimie. Wanja machoni hapana. Akitaka kumchora nyusi, mwache achore. Mvuje wa kufunga mkononi ufungwe kwa kitambaa, uwe mbali na pua. Ukimkatalia yote atakuona una kiburi cha hospitali, kwa hiyo mwachie nyusi.

Swali hukuniuliza lakini nalijibu: adhana. Kama baba alishamwadhinia mtoto wodini, hilo limekwisha. Nawakumbuka akina baba wale. Anaingia na kofia mkononi, ananong'ona: “Sista, sikio la kulia ni lipi?” Maana mtoto kamgeukia, na kulia kwa mtoto ni kushoto kwake. Wengine waliadhini yote mawili kwa wasiwasi.

*Shangazi habari. Mimi ni Mkatoliki, kwetu Moshi, naishi Ubungo. Jirani yangu amenialika akika ya binti yake. Nakwenda kwa moyo mmoja ila sijawahi kuhudhuria. Nivae nini, nibebe nini, na wakati wanasoma nifanye nini? — Jirani Mwema*

Nzuri mwanangu. Vaa dera au gauni refu, na mtandio begani. Wenzako wakisimama, uuweke kichwani. Viatu mlangoni, na uvae vya kuvua upesi, maana kurudi utavikuta chini ya vingine 40. Watu wanaposoma, kaa. Wakisimama kiamu, simama. Hakuna atakayekuuliza umesema nini. Ukinyunyiziwa marashi usikwepe, pokea kiganjani ujipake. Chakula huja kwenye sinia, watu wanne au watano, mkono wa kulia, na unakula upande wako. Nyama huwekwa katikati, na mkubwa wa sinia ndiye anayeigawa. Usimtangulie.

Kubeba, doti ya kanga ndiyo haikosei kamwe. Soma jina kabla hujanunua. Mimi nilishaona mzazi anapewa kanga iliyoandikwa fumbo la mke mwenza, mbele ya wakwe, na aliyeitoa hana habari, yeye alipenda rangi. Au sabuni za mtoto. Au bahasha, umpe mama mzazi mwenyewe ndani, mkononi, wakati unamtazama mtoto. Na mtoto ukimsifu, sema na Mashallah. Hata Mkatoliki inamfaa.

*Shangazi, shikamoo. Naishi Hamburg na mke wangu na mabinti zetu mapacha, sasa wana miaka mitatu. Hatukuwafanyia akika, huku kuchinja mwenyewe hairuhusiwi hovyo na ndugu wote wako Tanga. Je, tumechelewa? Ni mbuzi wangapi? Mwaka jana nilijaribu: nilimtumia ndugu yangu pesa ya mbuzi wawili, akanitumia picha ya mbuzi mmoja mweupe mwenye baka jeusi jichoni na kuniambia wa pili yuko nyuma yake. Mwezi uliofuata dada yangu wa Muscat naye alituma pesa ya akika ya mwanawe, akaletewa picha. Baka jeusi, jicho lile lile. Sijasema kitu mpaka leo. — Baba Mapacha*

Marahaba baba. Nimecheka mpaka mjukuu kaja kuangalia kama nimeanguka.

Masheikh wetu husema fursa ya mzazi ipo mpaka mtoto abaleghe, kwa hiyo miaka mitatu bado uko ndani ya muda. Mabinti wawili, mbuzi wawili, kila mmoja wake, upacha haupunguzi. Na kumwakilisha mtu akuchinjie nyumbani ni jambo linalofanywa kila siku na watu wa Muscat, wa London na wa huko kwenu. Ila kwa yale ya mwaka jana, muulize sheikh wako kama pana kilichochinjwa cha kuhesabiwa. Mimi kwa akili yangu ya jikoni naona mbuzi huyo anafugwa.

Safari hii usitume pesa ya “akika” kwa mtu mmoja. Mpigie mwalimu wa madrasa ya mtaani kwenu, yule aliyekufundisha au aliyeshika nafasi yake. Mwambie unataka mbuzi wawili wachinjwe pale uani siku watoto wa madrasa wapo, wapikiwe pilau, wale, wasome dua. Watoto 40 wakila nyama, hapana siri mjini. Mchinjaji akishika kisu ataje Mungu na ataje jina la mtoto, akika hii ni ya binti fulani, kisha wa pili hivyo hivyo, na wewe uwe kwenye simu ya video na mabinti zako mapajani wasikie wanavyotajwa Tanga. Huko kwenu chagueni Jumamosi asubuhi, wakati wako macho. Mama yao naye awapikie chochote chenye mdalasini, nyumba inukie.

Ndugu yako mwalike. Tena mpe kazi, awe ndiye anayeshika simu. Na kabla kisu hakijashuka, umwambie kwa upole amgeuze mbuzi, uone jicho la upande wa pili.